Saba Ni Kubwa Kuliko Tano

Hongera, mpiga picha wetu wa harusi, kwa laptopu ya mtumba. Muuzaji pale Kariakoo alikuonyesha kibandiko cha prosesa ya i7, nawe ukatoa pesa bila kuuliza ni ya kizazi gani. i7 nyingi za laptopu za mwaka 2012, kizazi cha tatu, zina viini viwili. i5 nyingi za kizazi cha nane, zilizoanza kutoka 2017, zina vinne. Lakini saba ni kubwa kuliko tano, na hesabu haidanganyi!

RAM ya GB 4? Yatosha. Bibi harusi atapata albamu mtoto akianza kutambaa. Diski ya kuzunguka badala ya SSD? Safi, inakupa muda wa kuchemsha chai. Na hicho kioo cha TN, ukikiinamisha kidogo tu, bwana harusi anabadilika rangi kama kinyonga, wala hujafungua programu ya kuhariri picha.

Kwa pesa hiyo pengine ungepata ile i5, RAM inayoweza kuongezwa hadi GB 16, SSD na kioo cha IPS. Tatizo, kibodi yake haiwaki taa.