Ngeli za Msumari: Dibaji ya Elimu ya Kutundika Picha Mjini Babati

Msumari uko katika ngeli ya U-I na ukuta katika U-ZI. Vikiwa kimoja kimoja husema kwa kauli moja: msumari umeingia, ukuta umepasuka. Vikizidi, kila kimoja hushika njia yake: misumari imeingia, kuta zimepasuka. Wanasarufi wameliona jambo hili miaka mingi bila kushtuka. Mpangaji wa Babati huligundua mwezi wa pili tu baada ya kulipa kodi ya miezi 6, akiwa juu ya kiti cha plastiki, nyundo mkononi, na mama mwenye nyumba amesimama mlangoni.

Kuhusu tundu wataalamu hawajaafikiana. Wako wanaosema tundu hili, wako wanaosema tundu hii. Mama mwenye nyumba wangu wa Bagara aliumaliza mjadala siku ya kwanza kabisa: "Mwalimu, hili nani kalitoboa?" LI-YA, basi. Nikamjibu, "Shikamoo mama. Nimelikuta." Jibu hilo, kama itakavyoonekana, ndilo msingi wa elimu yote hii.

Utafiti ulifanyika Bagara, Maisaka na Nangara kwa mbinu ya kukaribishwa chai. Mtafiti huketi kwenye kochi, husifia vitambaa, kisha huinua macho. Ni lazima ayainue kweli kweli, maana katika sebule zetu picha hukaa juu, shibiri moja kutoka darini, zimeinama mbele kama mjumbe wa nyumba kumi anayesikiliza kesi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakutaja kwamba mtaka cha ukutani sharti apande kiti, labda kwa sababu katika tembe ukuta wote ulifikika kwa mkono.

Na tuanze na ukuta huo wa tembe, kwa heshima ya umri. Ni wa miti na udongo, na haulijui neno kuharibika. Chango cha mti huchomekwa, kibuyu hutundikwa. Chango kikitoka, tundu huzibwa kwa konzi ya udongo uliochanganywa na samadi, na ukuta unarudi ulivyokuwa. Hatuna la kuufundisha. Unaofuata ni wa tofali la kuchoma lisilopigwa lipu. Siri yake ni kwamba tofali lenyewe haliguswi: msumari hupita kwenye kiungo, ambako mara nyingi kuna udongo tu badala ya saruji. Huingia karibu kwa kidole gumba. Hutoka kwa urahisi huo huo, usiku wa manane, pamoja na saa ya ukutani.

Ukuta uliotia watu adabu ni wa lipu. Msumari wa mbao hupinda, tena hupinda kwa dharau. Wa zege, ule mfupi wa chuma kigumu, huingia; lakini kama lipu ilichanganywa mchanga mwingi na saruji ya kuhesabu, haikushikana vizuri na tofali, na mtikisiko wa nyundo huibandua. Kinachodondoka ni kipande cha ukubwa wa chapati. Kwa hiyo mwenye busara hugonga kwanza kwa kifundo cha kidole. Ukuta ukijibu kama jiwe, endelea. Ukijibu kama ngoma, nyuma ya lipu pana uwazi: sogea. (Nimemwona fundi akigonga, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari, ndipo akataja bei. Nadhani kinacholipiwa ni kile kichwa.) Drili na fisha huacha tundu safi, la duara, lenye heshima zake. Bado ni tundu.

Kitinda mimba ni ukuta wa skimu. Sisemi skimu ya umwagiliaji kama za mpunga kule Magugu. Nasema ule uji mweupe unaopakwa juu ya lipu hadi ukuta uwe laini kama shavu la mtoto, kisha unapigwa rangi ya krimu. Huu ndio ukuta ambao mwenye nyumba huuota usiku. Ukiutoboa halafu ukaziba kwa dawa ya meno, kama tulivyofundishana bwenini, utabaki na doa jeupe katikati ya krimu, linalonukia minti. Hapo ndipo linapozaliwa swali letu: picha itakaaje hapa bila tundu?

Wabandikaji wanadai wana jibu. Ukoo wao ni mkubwa: bwenini mabango ya wachezaji hushikwa na dawa hiyo hiyo ya meno, wakati wa kampeni sura za wagombea hushikwa na uji wa unga, na mjini sasa kuna tepu ya pande mbili. Kosa lao ni moja. Gundi haishiki ukuta. Hushika ngozi ya juu ya ukuta. Kwenye chokaa ngozi hiyo ni vumbi, kwa hiyo picha huanguka ikiwa imebeba chokaa mgongoni. Kwenye rangi hafifu mambo ni kinyume: gundi inashinda, na siku ya kubandua rangi inatoka nayo kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Kampuni ya 3M ya Marekani imejaribu kuusuluhisha ugomvi huu kwa vibandiko viitwavyo Command, vyenye kimkia ambacho ukikivuta taratibu kuelekea chini, sambamba na ukuta, kibandiko hurefuka kama mpira na kuachia. Masharti yake: rangi iwe imekauka siku 7, ukuta ufutwe kwa spiriti, na baada ya kubandika usubiri saa 1 kabla ya kutundika. Aliyekaa pembeni ya barabara ya vumbi mwezi wa Septemba anajua ni nani atakayewahi kufika ukutani ndani ya saa hiyo.

Aibu ni kwamba aliyelimaliza tatizo yuko pale pale ukutani, anakula mbu. Mwaka 2000 mwanasayansi Kellar Autumn na wenzake walipima nguvu ya kinyweleo kimoja tu wa mguu wa mjusi wa jamii ya mjusi kafiri, na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba hana gundi yoyote. Kinachomshikilia ni mvutano mdogo wa molekuli, unaoitwa kwa jina la Mholanzi van der Waals, ukizidishwa kwa vinyweleo visivyohesabika. Akitaka kuondoka hubadili pembe ya vinyweleo, basi. Hajawahi kudaiwa rangi. Sisi tunamwita kafiri.

Waegemezaji nawapitia haraka. Hawatundiki, husimamisha fremu juu ya friji au ndani ya shokesi, katikati ya vikombe ambavyo havijawahi kunywewa. Ukuta wao ni mzima na hawana hadithi. Waning'inizaji wana hadithi kidogo: Waingereza wa zama za Malkia Victoria walizungushia vyumba vyao reli ya mbao chini ya dari, wakashusha picha kwa kamba na waya bila kuugusa ukuta. Babati reli hiyo ipo, nayo ni bomba la pazia, na kinachoning'inia ni kalenda. Kila ukifungua pazia asubuhi, Oktoba nayo husogea.

Kuna pia waliolifuta swali lenyewe. Ukishika barabara ya Kondoa utafika Kolo, ambako watu wa kale walichora twiga na watu warefu wembamba kwa rangi nyekundu moja kwa moja kwenye mwamba: hakuna fremu, kamba wala msumari. Walifaulu kwa kuwa hawakuwa na mwenye nyumba. Mwaka 2006 UNESCO iliiweka michoro hiyo katika Urithi wa Dunia, na tangu hapo mwenye nyumba ni dunia nzima.

Lakini katika sebule nilizonywea chai, ukoo uliotawala ni wa Warithi. Mrithi hatoboi. Hutafuta msumari ulioachwa na aliyemtangulia na kuupa kazi mpya. Gharama yake ni kwamba mahali pa picha hapachagui yeye. Ukikuta picha ya harusi nyuma ya mlango usidhani ndoa ina mgogoro. Mpangaji aliyepita alikuwa akitundika kofia pale. Mahafali ya binti huning'inia juu ya swichi ya taa, na picha ya Moyo Mtakatifu hupakana na friji, kwa sababu hiyo hiyo. Serikali nayo ni mrithi. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Ofisi iliyopiga msumari wake mwaka ule imeshautundikia Mkapa, Kikwete, Magufuli na Samia, bila tundu jipya hata moja. Msumari wa pili, wa Baba wa Taifa, haujawahi kupewa likizo.

Mimi ni Mrithi. Tundu lile nililolikuta lilikuwa na msumari wake, nikautundikia picha ya marehemu babu katika fremu ya kioo, na kwa miaka 4 sikugusa nyundo. Nilipohama, mama alikuja na tochi ya simu kukagua. Alihesabu misumari, ikatimia. Alipitisha kiganja juu ya skimu, hakuna ufa. Nikaanza kumwandalia shukrani. Ndipo alipoitoa picha ya babu mwenyewe, kwa heshima, na nyuma yake pakaonekana mstatili wa krimu, safi kama siku fundi alipomaliza, katikati ya ukuta ambao moshi wa jiko la mkaa na vumbi la barabara vilikuwa vimeugeuza rangi ya chai.

Alimulika pale kwa muda mrefu.

"Na hiki, mwalimu?"

Ngeli ya KI-VI haikuwamo katika utafiti wangu.