Jinsi ya Kuchoma Mboga Hadi Wageni Waombe Ugali

Anza kwa kutoa masufuria kwenye oveni. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zenye oveni zimeipa kazi ya kabati: sufuria za shughuli, mabeseni, kikaango kilichopoteza mpini. Ingiza mkono hadi nyuma kabisa. Kuna kifuniko cha plastiki huko, na ukikisahau, mtaa mzima utajua leo unapika.

Sasa nunua mboga zote ulizoziona kwenye picha: karoti, hoho, biringanya, boga, vitunguu. Zikate kadiri kisu kitakavyopenda. Pande nene la karoti likae jirani na hoho iliyokatwa nyembamba ya kachumbari. Hoho itakuwa mkaa kabla karoti haijapata habari kwamba imeingia jikoni.

Zioshe, na tafadhali usizikaushe. Anayetaka kushindwa hana rafiki kama maji. Karoti peke yake ina maji karibu asilimia 88, biringanya limepita 90, na maadamu uso wa mboga umelowa, haupandi juu ya nyuzi 100 hata oveni inune vipi. Ule wekundu wa kahawia wenye harufu nzuri huanza kwenye nyuzi 140 hivi. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliandika juu ya mabadiliko hayo ya sukari na asidi za amino mwaka 1912, kwa hiyo hatuwezi kusema hatukuambiwa.

Kisha jaza trei. Mboga za trei tatu zirundike kwenye moja, za chini zichemke kwa jasho la za juu, na usizigeuze. Wapo wanaozipaka mafuta kidogo na chumvi, wakazitandaza safu moja, kila kipande na nafasi yake, kwenye nyuzi 200 au 220, wakageuza baada ya dakika 20. Hao ni watu wasiozionea huruma uniti za umeme wa LUKU. Wewe weka nyuzi 120, halafu fungua mlango kila dakika tatu uchungulie. Joto lote litahamia sebuleni, ambako kwa mji wetu lilikuwa linahitajika sana.

Kiazi kitamu tukitoe kwenye utani huu, maana hakistahili. Kichome kizima na ganda lake, kwa moto wa wastani, saa nzima ikibidi. Kinapopita polepole kati ya nyuzi 60 na 75 hivi, vimeng'enya vyake hugeuza wanga kuwa sukari. Ndiyo sababu kilichofukiwa kwenye majivu ya moto shambani kinashinda kilichokimbizwa kwenye maikrowevu: kinatoka kimesinyaa, ganda limeachana na nyama, na utomvu mweusi wa sukari umeganda pale kilipopasuka.

Biringanya zima nalo litoboe kwa uma kabla ya kuliingiza, la sivyo mvuke utalipasua na utakwangua oveni hadi Idi. Umeme ukikatika, na wageni wakija hukatika, hamishia hoho na biringanya juu ya jiko la mkaa. Ziache ziungue ganda hadi liwe jeusi, menya, kamulia ndimu. Hapo kwa bahati mbaya utakuwa umepika kitu kizuri.

Mezani, shemeji yako ataligeuzageuza boga kwa kijiko na kuuliza kwa adabu zote: "Shemu, hii ndiyo mboga, au mboga bado inakuja?"

Usibishane. Mtume kijana kwa muuza muhogo wa kuchoma pale kituoni, alete wa kutosha na pilipili ya ziada. Upange kwenye trei yako ungali moto, nyunyiza chumvi, na lile gazeti ulimofungwa muhogo ulitupe kabla wageni hawajaliona.