Karamu ya Maharage

Shangazi yangu mpendwa, shikamoo.

Huku Hamburg mwanao sijambo. Juni imeingia, jua linazama karibu na saa nne usiku, nami nikaona nialike Wajerumani waje kula kwangu. Uliniasa kwenye simu kwamba mgeni haheshimiwi bila nyama, nikakusikiliza. Nilikwenda Steindamm, mtaa wa maduka ya Waturuki, Waafghani na Waafrika wenzetu, nikachukua mchele wa basmati, bizari nzima, mdalasini na nyama ya mbuzi. Bei ya huyo mbuzi ungeisikia, ungeniambia bora nimfuge.

Kumbe huku mgeni hutanguliza masharti. Mwenzangu wa ofisini akaandika: hali nyama. Mkewe hali nyama, mayai, maziwa wala asali. Asali, Shangazi! Anawaonea nyuki huruma. Jirani yangu wa ghorofa ya chini naye akila ngano tumbo linamvuruga. Nikakodolea macho simu kama mganga aliyepoteza ramli.

Halafu nikakumbuka kwako Chumbageni, Tanga, tarehe 28, mshahara umekata. Tulikuwa tunakula nini? Wali wa nazi, maharage ya nazi, mchicha wa nazi. Nyama hakuna, yai hakuna, maziwa hakuna, mkate ndio usiuulize. Kila mwisho wa mwezi tulikuwa tunaishika imani ya hawa watu kikamilifu, na hakuna aliyetupongeza.

Basi nikapika vyote: pilau ya mbuzi kwa heshima yako, na mlo wa tarehe 28 kwa heshima ya nyuki.

Niliwaambia waje saa moja usiku. Saa moja kamili kengele ikalia, mimi nina taulo kiunoni na povu sikioni. Wote sita wapo mlangoni, wanavua viatu. Walikuwa wamefika mapema, wakauzunguka mtaa mpaka dakika zikatimia.

Shangazi, maharage yaliliwa! Yule mama wa asali alirudia mara tatu, akakomba na sufuria. Pilau ilipata mteja mmoja tu. Kwetu mgeni akisema ameshiba, ndiyo kwanza unamwongeza. Huku nilipomwongeza jirani, aliitazama sahani, akanitazama mimi, akarudia polepole kwamba ameshiba, akidhani sikumwelewa.

Huyo jirani ndiye mlalamikaji mkuu wa jengo letu, na kuanzia saa nne usiku huku kelele ni marufuku. Nilijua safari hii tumepona, maana mlalamikaji yumo mezani anacheka kuliko wote. Saa nne ilipofika akatazama saa, akanyanyua kidole, akatunyamazisha. Mtu amekula kwangu, akalalamika kwangu! Tukamalizia mazungumzo kwa kunong'ona, tumeinamiana kama tunapanga njama.

Sasa kaa kitako. Waliniuliza nani alinifundisha kupika, nikakutaja. Wanakuja Tanga Agosti ya mwakani, tarehe wameshaiandika kwenye kalenda, na wanataka maharage yako. Tafadhali usiwachinjie kuku, utamliza yule mama. Nimewaambia chakula ni saa moja usiku. Ikifika saa moja kasoro robo, chungulia dirishani: Wazungu sita wanaozunguka nyumba yako ndio wageni wangu. Usiite mgambo.

Mwanao,
Hamburg