Namna ya Kuingia Kila Kamati, Kibondo hadi Kasulu

Umestaafu, umerudi nyumbani, una shati lenye kola na kalamu mbili mfukoni. Kilichobaki ni vyeo. Fuata hatua hizi; hisabati imekwisha kukupigia kampeni.

Hatua ya 1: Hesabu watu. Tafuta watu 10 wenye sauti kijijini, wewe ukiwemo. Kila kamati iwe ya watatu: ya maji, ya shule, ya mizinga ya nyuki, ya kuuza maharage, ya mazishi. Mpangilio wa watu na vikundi vyao ndio haipagrafu. Mkutanoni usiitaje, utawatisha.

Hatua ya 2: Hubiri umoja. Salamu za Kiha zikiisha, nazo hazikatizwi, simama useme: "Ndugu zangu, kamati mbili zozote ziwe na walau mjumbe mmoja wa pamoja, habari zisipotee njiani." Nani atapinga umoja?

Hatua ya 3: Dai kamati nyingi. Mwaka 1961 wanahisabati Erdős, Ko na Rado walichapisha uthibitisho ambao, kwa watu 10 na kamati za watatu watatu, unaweka kikomo cha sharti hilo kwenye kamati 36. Njia ya kuzifikia ni moja tu: mtu mmoja awe ndani ya zote. Jitolee. Kataa mara mbili kwa heshima, kisha omba daftari la mahudhurio.

Hatua ya 4: Safiri. Chora kila mtu kama nukta, kila wawili wanaokaa kamati moja kama mstari, na kila kamati kama pembetatu iliyopakwa rangi. Hiyo ni kompleksi ya simpleksi. Ukiwepo, nukta 10, toa mistari 45, jumlisha pembetatu 36, unapata 1: umbo halina tundu. Sasa panda basi la Kigoma siku bomba la maji linapopasuka. Pembetatu zote zinafutika. Wamebaki watu 9 na mistari 36. Mistari 8 ingetosha kuwaunganisha, na kila uliozidi unafunga tundu lake. Matundu 28! Maji yanamwagika, watu wanalaumiana wawili wawili, akidi haitimii. Ukirudi utasikia, "Bila Mzee mambo hayaendi." Kweli kabisa, ndivyo ulivyoyapanga.

Tahadhari. Mwogope mwalimu wa hisabati anayeujua mpango wa Mwitaliano Gino Fano, wa mwaka 1892. Wape watu 7 namba, unda kamati 7: 1-2-3, 1-4-5, 1-6-7, 2-4-6, 2-5-7, 3-4-7, 3-5-6. Kamati mbili zozote zina mjumbe mmoja wa pamoja, kila mtu yumo katika tatu tu, na yeyote akisafiri, nne zinaendelea na kazi. Umoja umepatikana, Mzee hahitajiki.

Mwalimu akiuandika ubaoni, usibishane. Msifu, kisha pendekeza iundwe kamati ya kuuchunguza. Mwenyekiti unamjua.