Beji ya Mzungumzaji

Beji za wanafunzi zilikuwa zimeisha. Dada wa mapokezi alipekua kisanduku chake, akaitazama foleni iliyofika hadi mlango wa hoteli, akanitazama mimi na suti ya mjomba, kisha akanivisha beji nyekundu iliyoandikwa MZUNGUMZAJI.

"Vaa hii tu," akasema. "Hakuna anayesoma."

Walisoma wote.

Suti nayo ina habari yake. Kwetu Malindi, kijana akienda Nairobi kwa jambo kubwa huvishwa na ukoo mzima. Mjomba alitoa suti ya harusi yake, na mjomba ni mtu wa mwili. Binamu alitoa viatu, na binamu ni mtu wa miguu midogo. Kwa hivyo juu nilikuwa na nafasi ya kupangisha wapangaji wawili, chini nimebanwa kama deni la kodi. Mikono ya koti ilinipita vidole, na kila aliyetaka kunisalimu kwa mkono alishika kitambaa kwanza, akanitafuta humo ndani. Hivyo ndivyo mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa pili alivyoingia kwenye kongamano la sekta ya anga za juu.

Wenye beji za kijani walipewa chai na biskuti ukumbini. Wenye nyekundu walielekezwa ghorofa ya juu, ambako kulikuwa na samaki wa kupaka. Sikuuliza swali lolote, nilipanda ngazi. (Nazi ilikuwa ya kopo. Mtu wa pwani hadanganywi, hata akiwa na njaa.) Nilikaa mkabala na bwana mmoja ambaye kampuni yake huuza picha za setilaiti kwa wenye mashamba makubwa. Akataka kujua mimi nafanya nini katika sekta hii.

"Bado nasoma," nikamjibu.

Akatikisa kichwa polepole, akasema wataalamu wa kweli ndio wenye unyenyekevu wa namna hiyo, akanipa kadi yake ya biashara. Mimi sina kadi. Nikamwandikia nambari ya simu kwenye karatasi ya kupangusia mikono, akaikunja na kuitia mfuko wa ndani wa koti.

Baada ya chakula nilishuka kwenye meza za maonyesho. Nilikuwa nimekuja hasa kuona mfano wa setilaiti ndogo, zile za kisanduku, kila upande sentimita 10. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, setilaiti ya kwanza ya Kenya, ilikuwa ya kipimo hicho hicho. Iliachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tarehe 11 Mei 2018, na mimi nilikuwa bado shule ya msingi, nikachora picha yake kwenye daftari la sayansi. Sasa nimeufikia mfano wa mezani, nikakuta mzee mmoja mwenye beji ya mgeni wa heshima ameweka juu yake kikombe cha chai. Aliponiona nimekodoa macho, akaniuliza kwa upole kama kile kijimeza ni changu. Namshukuru Mungu haukuwa mfano wa setilaiti ya Taifa-1, iliyorushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023. Ile ni ndefu mara tatu. Ikilazwa, ingepokea na sahani ya biskuti.

Mchana tuliingia ukumbi mkubwa. Mtaalamu kutoka ng'ambo alionyesha ramani ya Afrika, akaelekeza kitone cha mwanga mwekundu kwenye pwani ya Kenya, akasema hapa pangefaa sana kurushia roketi na wakati umefika tulifikirie jambo hilo. Sababu aliyotoa ni ya kweli. Dunia ikijizungusha, ardhi ya ikweta huenda kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo huo bure. Maana yake hata magari yakikwama Barabara ya Mombasa saa kumi na moja jioni, abiria wote wanakimbia kuelekea mashariki kwa kasi kuliko ndege. Jaribu kumwambia hivyo makanga.

Tatizo ni kwamba kitone chake kilikuwa kimetua Ngomeni, kwa nyanya yangu. Nyanya hahitaji kulifikiria jambo hilo, maana aliliona kwa macho. Wataliano wa Profesa Luigi Broglio walisimamisha jukwaa la San Marco baharini pale, na kati ya 1967 na 1988 wakarusha roketi za Scout kutoka maji yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipaa kutoka hapo setilaiti ya Marekani, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei angani. Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo, akaiita Uhuru. Kazi ya setilaiti hiyo imo katika yale yaliyompatia Riccardo Giacconi Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Nyanya hamjui Giacconi. Anachokumbuka ni mngurumo, moto juu ya bahari, na kuku waliojazana chini ya kitanda.

Kwa hivyo nilipoaga nyumbani, nyanya ndiye pekee aliyenipa kazi ya maana. Wengine waliniagiza nirudi na mkoba wa bure. Yeye alikuwa amesikia habari za Mukuku, kule Makueni, ambako tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya kilo kama 500, upana wake mita 2.5, ilianguka kutoka juu. Tangu siku hiyo, akimwaga mtama, hutazama kwanza mawingu. "Waulize," akaniambia, "kikianguka juu ya kuku wangu, nani analipa?"

Muda wa maswali ukafika. Maprofesa walikuwa wamenyoosha mikono tangu slaidi ya tatu. Kijana wa kipaza sauti akawapita wote, akaja moja kwa moja kwenye beji nyekundu. Nikavuta mkono wa koti, nikaupata mkono wangu, nikauliza swali la nyanya kama alivyolituma, kuku na yote.

Ukumbi ukacheka. Mwanasheria aliyekuwa jukwaani hakucheka hata kidogo. Alionekana kama mtu aliyesubiri miaka mingi aulizwe. Akasema kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972: chombo kikileta hasara ardhini, nchi iliyokirusha hulipa, hata kama haikuzembea. Mwaka 1978 setilaiti ya Umoja wa Kisovieti, Kosmos 954, ilianguka kaskazini mwa Kanada na kumwaga vipande vyenye mionzi. Kanada ilidai dola zake milioni 6 na ushei, ikalipwa 3. Ila kwa mkataba huo, akaongeza, mwenye kuku hadai mwenyewe. Serikali yake ndiyo humdai mwenzake, kwa njia ya kibalozi.

Tulipotoka, watu wawili walinipongeza kwa hoja ya mifugo, na wa tatu akaomba slaidi zangu.

Jioni nikampigia nyanya, viatu vya binamu nimevishika mkononi.

"Yaani kuku wangu akifa," akasema, "barua inaandikwa na balozi?"

"Ndiyo, nyanya."

"Na chifu?"

"Chifu hayumo."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, Bi. Zainabu alikanyagiwa mbuzi na gari la ofisi, na ofisi yenyewe aiona kwa dirishani. Hadi leo hajalipwa. Hao wa kibalozi watakuja mimi nimeshakuwa mchanga."

Sikuwa na la kumjibu, nami nilikuwa mzungumzaji. Ila mwanasheria alituachia jambo moja la manufaa: mkataba unampa mdai mwaka mmoja, tangu hasara itokee au tangu ijulikane ni chombo cha nchi gani. Wenye kuku, wahesabuni leo, na muwapige picha wakiwa hai.