Namna ya Kupasua Nyota Bila Shoka

Kabla ya yote, mpe taarifa mwenyekiti wa kitongoji. Uwe Kibondo au Kasulu, mtu anayesimamisha chombo cha miguu mitatu uani saa tatu usiku haaminiki kwamba anatazama nyota. Anapima viwanja vya watu.

Darubini ya lenzi ya milimita 70 inatosha. Boksi litajigamba kuwa inakuza mara 525. Usibishane na boksi, litunzie nyaya. Ukipita mara 140, nyota yoyote inageuka uji.

Mwezi ni Juni. Mvua zimekata, moshi wa kuchoma mapori bado haujatanda, na baridi ya milimani itawapunguza wageni wasio na nia. Itoe darubini nje nusu saa mapema ipoe, maana lenzi yenye joto la sebuleni hutetemesha picha.

Sasa tazama kusini. Aliyeko Kibondo aelekee Kasulu, kisha ageuke kushoto kidogo. Kando ya Msalaba wa Kusini kuna nyota mbili kali. Iliyo mbali zaidi na Msalaba, na inayong'aa zaidi, ni Rijili Kantori, yaani Alpha Centauri. Haipandi sana, digrii 33 hivi. Watu wa Kasulu watakumbusha kwamba kwao inapanda digrii moja zaidi. Ni kweli, waachie. Kwa nyota za kaskazini Kibondo inajilipa digrii hiyohiyo.

Kuza mara 100, utulie. Nyota moja itaachana kuwa mbili, moja hafifu kidogo, katikati pakiwa na sekunde 9 hivi za tao, na digrii nzima ina sekunde 3,600. Padri Jean Richaud aliziona hivyo akiwa Pondicherry, India, mwaka 1689, bila boksi. Zinazungukana kwa miaka 80 hivi, kwa hiyo hakuna haja ya kuwahi.

Haraka iko kwa majirani. Dunia inazunguka, na nyota hutoka kwenye lenzi kwa dakika tatu tu. Mzee akifika, utamwamkia shikamoo, atauliza habari za nyumbani, za maharage, za yule mtoto aliyekuwa anaumwa. Akiinama kuchungulia, anakuta giza. Atasema kwa upole kwamba ni nzuri sana. Mrudishie nyota, na safari hii salamu zingoje.

Akiziona, atauliza ipi ni Kibondo na ipi Kasulu. Kabla ya kujibu, kumbuka uko uani kwa nani.