Sifa za Njia Isiyopenya

Njia pana zimekwisha kusifiwa vya kutosha, maana watawala hupenda majina yao yabandikwe kwenye barabara ndefu, wala sijapata kusikia aliyegombania kupewa kichochoro kilichoziba. Kwa hiyo mimi, niliyepotea katika Mji Mkongwe wa Unguja mara nyingi kuliko inavyomstahiki mtu aliyezaliwa humo, najitolea leo kuwa wakili wa njia isiyopenya: ile imchukuayo mpita njia kwa adabu, ikamkatisha kona mbili, ikamwonyesha mlango wa njumu na mlango wa mbao tupu, kisha ikamsimamisha mbele ya ukuta wa chokaa kama mdaiwa mbele ya kadhi.

Fahari yake ya kwanza ni jina. Wafaransa waliiita cul-de-sac, yaani, ashakum si matusi, tako la gunia. Na mwenye kutaka heshima atasema kitako, kwani hata sisi tunacho kitako cha mtungi na kitako cha bunduki, wala hatutahayari. Voltaire, mwandishi asiyekuwa mashuhuri kwa kuona haya, aliliona haya neno hilo, akawanasihi wenzake waseme impasse, yaani pasipopitika. Walimtii nusu: vibao vya Paris vikavaa neno la staha, na ndimi zikabaki na gunia lake. Nalo lile la staha, badala ya kutulia ukutani, likakimbilia kwenye mabaraza ya wakubwa, likawa jina la mashauri yaliyokwama. Waingereza waliokota lile la kwanza, na mabibi wao, ambao kwa tusi dogo tu hutoka chumbani, hulitaja katika anwani zao bila kupepesa macho. Wajerumani wana Sackgasse, ambayo ni gunia bila tako. Waitalia husema kichochoro kipofu. Waholanzi husema njia iendayo ikafa. Kwetu, kijana aliyekaa barazani hukutazama ukiingia, asikwambie neno, akakungoja mpaka urudi, ndipo aseme, “Hapana njia hapo.”

Ajabu ni kwamba jina la njia isiyopenya limepenya kila mahali. Mabaharia wa Kifaransa walilichukua mpaka visiwa vya Karibi wakayapa maghuba, hata leo Guadeloupe ina Grand Cul-de-Sac Marin, na huko Haiti linaitwa hivyo bonde zima lililo jirani na Port-au-Prince. Matabibu nao walilitia mwilini. Nyuma ya tumbo la uzazi mna mfuko ulioelezwa mwaka 1730 na James Douglas, tabibu wa Scotland. Mwanamke akisimama, hapo ndipo pa chini kabisa katika uvungu wa tumbo, hata damu ikivuja ndani hutuama humo, na sindano ya daktari ikaipata habari iliyofichika kwingine kote. Na katika Kiingereza maana hii ya mwilini iliandikwa kabla ya ile ya mtaani.

Lakini utukufu wake mkubwa umo katika fikihi. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, njia ipenyayo ni ya Waislamu wote, na cha wote, kama mjuavyo, hufagiwa na upepo. Ama njia isiyopenya ni milki ya wenye milango yao humo, wala mtu hawezi kutokeza roshani au kutoboa mlango mpya ila kwa ridhaa ya wenzake. Na haki ya kila mmoja, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, huanzia kichwa cha kichochoro ikakoma mlangoni pake. Yapime maneno hayo, msomaji. Mwenye nyumba ya kwanza ana hatua nne tu. Mwenye nyumba ya mwisho, yule ambaye hamali humwongezea ujira kwa kumfikishia gunia la mchele, na ambaye maji ya mvua ya jirani zake wote huishia kizingitini pake, ndiye mwenye haki katika njia nzima. Akitaka kuusogeza mlango wake uje mbele, akauziba ule wa zamani, hapana wa kumzuia; wa mbele akitaka kusogea ndani, sharti aombe.

Wazungu walikawia kuyang’amua haya. Kanuni za miji ya Uingereza ziliishuku njia iliyoziba kuwa ni kao la uchafu na hewa mbovu, hata Bunge lilipopitisha mwaka 1906 sheria makhsusi kwa kitongoji cha Hampstead Garden Suburb, na mpanga miji Raymond Unwin akazichora njia hizo humo kwa ustadi. Mwaka 1929 Wamarekani wakaanzisha Radburn, New Jersey, mji wa zama za motokaa, ambamo nyumba zimezunguka vijia vilivyoziba ili gari la mgeni lisiwe na hoja ya kupita. Kumbe tuliyoyaonea haya hapa, huko hulipiwa kodi nzuri.

Mimi mwenyewe natoa ushahidi. Jioni moja nikimkwepa mtu aliyeniuzia kanzu kwa mkopo, ambaye subira yake ilikwisha kabla fedha zangu hazijaanza, nilikata kona kwa haraka bila kumtazama kijana wa barazani. Nikaupita mlango wa njumu, nikaupita wa mbao tupu, nikamkuta bibi mmoja ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba na kunikaribisha pasi na kusita kukuna, kwa sauti ya mtu ajuaye kwamba mgeni hendi mbali. Ukuta ukanipokea. Nikajifanya natafuta nyumba, nikaukazia macho mmea ulioota katika ufa wa chokaa kana kwamba ni barua yangu, kisha nikageuka. Mdai wangu hakunifuata hata hatua moja. Alikuwa ameketi pale mdomoni, ubavuni mwa yule kijana, amekwisha kumwita muuza kahawa, na vikombe vilivyomiminwa vilikuwa vitatu.